Vipimo vya Marehemu Mama

Kimisagara, Kigali
11 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Zaitun,

Asalaam aleikum. Hujambo, na Kigoma hawajambo? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukishuka ngazi? Sisi huku ni wazima, baba pia, ila mtoto wa jicho amemzidi na siku hizi uzi anatungiwa. Iddi tumesali, pilau tumekula, wageni walikuja. Lakini mama mdogo, nyumba hii haina raha, na aliyeiharibu ni mimi.

Unayakumbuka madaftari ya baba ya vipimo vya wateja. Mwaka jana niliyanakili yote kwenye kompyuta kwa kuwa hawezi tena kuyasoma, na madaftari yenyewe tukampa Pudentienne muuza karanga afungie. Baba mwenyewe ndiye aliyempelekea.

Kazi yangu kule Remera, nilishakueleza, ni kuandika maelekezo ya akili mnemba, ile inayotengeneza programu yenyewe ukishaiambia unataka nini. Naandika kila kitu: faili lipi iguse, lipi isiguse, mfano wa jibu sahihi, na wapi isimame iulize kwanza. Kazini wananiita mwalimu. Mwalimu, weh!

Wiki mbili kabla ya Iddi wateja walijaa, na kupata jina kwenye orodha ya baba ilikuwa shida tupu. Nikaiambia ile akili inipangie orodha upya na iondoe majina yasiyotumika. Mstari mmoja tu, kama ninavyomwambia Kaze wa cherehani ya pili, ambaye amekaa na baba miaka kumi na anajua kipi hakiguswi. Sikusema jina lisilotumika ni lipi. Sikuweka nakala pembeni. Ikamwondoa kila mtu ambaye hajashonewa nguo kwa miaka mitatu, ikahifadhi juu ya faili lilelile, ikaniandikia kazi imekamilika. Na kwa maneno niliyoipa, kweli ilikuwa imekamilika.

Marehemu mama, unajua, ana miaka minne kaburini.

Baba alimpima kila Iddi na kumwandika kwenye madaftari yaleyale, miaka ishirini na sita, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mpaka ile ya mwisho aliyompimia kitandani. Tangu afariki, asubuhi ya Iddi ananiita nimsomee vyote kuanzia mwaka wa harusi. Safari hii nikafungua kompyuta, jina la mama halipo. Nikaogopa, nikaanza kubuni. Nilifika mwaka wa tatu akaweka kiganja mezani, akasema taratibu, "Shakira, hicho kiuno si cha mama yako."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Tangu siku hiyo anakaa kwenye cherehani yake lakini hashoni. Nimekwenda kwa Pudentienne, nimepekua karatasi zake zote, nikapata kurasa mbili, za suruali za wanaume. Nimeiomba ile akili irudishe ilichofuta, inanijibu kwa adabu kwamba haiwezi. Nimekata tamaa, mama mdogo. Kazini naandika maelekezo ya watu wengine na kila mstari naurudia mara tatu.

Nina ombi moja. Lile gauni la kijani la mama ulilopewa baada ya arobaini, mpe yeyote anayekuja Kigali aniletee. Baba anasema atalipima kwa vidole, apate hata mwaka mmoja. Kama ulilipunguza likutoshe, usinifiche. Niandikie ulipunguza wapi, sentimita ngapi, na mshono wa zamani ulipita wapi. Usiniandikie "kidogo tu". Nakuomba sana, usiniandikie hivyo.

Nisalimie Baba mdogo Munyaneza, na Uwase umbusu kwa niaba yangu. Mungu awahifadhi nyote, na goti alipe nguvu.

Ni mimi binti yako, nikupendaye siku zote,

Shakira