Dawa ya Pamba Chini ya Kitanda

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mama yangu hajanisaidia kwa njia yake. Mimi ni mkulima wa pamba huku Zagayu, mke wangu wa kwanza, Mhoja, alijifungua mara mbili na mara zote mtoto alitoka amekufa, mama akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, huyo mwanamke anakula watoto wake," nami kwa uchungu nikaita kikao cha ukoo, nikamtaja mbele ya watu wote na kumrudisha kwao, hata masufuria yake sikumruhusu kuchukua. Sasa nimemwoa Lukresia, ana mimba ya miezi mitano, wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki na nesi akauliza dawa ya kupulizia pamba tunaiweka wapi, nikajibu kwa kujisifu kwamba iko chini ya kitanda chetu maana stoo wezi wanaiba, akauliza nani anaikoroga, nikasema mke, mimi nabeba bomba yeye anachota maji na kukoroga, ndivyo tunavyofanya huku, hata Mhoja alikoroga, akauliza galoni zikiisha dawa mnazifanyia nini, nikasema tunaziosha kwa majivu tunawekea maji ya kunywa, nesi akaweka kalamu chini akanitazama mpaka nikaona aibu. Akasema sumu hiyo inaweza kumfikia mtoto tumboni. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, kwa sababu Mhoja ameolewa kijiji cha Binza na nasikia ana mtoto anayetambaa, na mama ameshaanza kusema Lukresia naye amekonda, arudishwe mapema. Nifanye nini? Na je, ni lazima Mhoja ajue?

Ngeleja, Zagayu

Ngeleja, marahaba, ingawa leo naiitikia kwa shingo upande. Pole kwa watoto wako wawili. Ulikuwa baba yao, na uchungu huo siudharau. Lakini umenikasirisha. Dawa uliilinda na mwizi, mke hukumlinda na dawa.

Mimi si daktari, na hata daktari hawezi leo kukuapia kwamba dawa ndiyo iliyowaua watoto wale. Huenda ndiyo, huenda ni jambo jingine. Ila hata kikao chako hakikuwa na ushahidi, na hilo halikukuzuia kumtaja mtu.

Ukimaliza kusoma hapa, itoe hiyo dawa chumbani, uifungie mbali na watu na chakula. Ubebe mwenyewe, usije ukamtuma Lukresia! Galoni zitoboe zote. Kuanzia leo koroga mwenyewe na nguo za kupulizia ufue mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo iliyomnyooshea Mhoja kidole. Lukresia asikanyage shamba lililopuliziwa, na kliniki asikose. Kama amekonda, apimwe, asirudishwe kwao. Mama yako mheshimu, msalimie kila asubuhi, lakini mambo ya mimba mwachie nesi.

Sasa Mhoja. Unauliza kama ni lazima ajue. Ajue nini, baba? Kwamba hakula watoto wake? Hilo alilijua siku ile ile alipotoka kwako mikono mitupu. Wasiojua ni wale uliowaita kwenye kikao. Waite tena, wote, mama yako akae mbele, useme kwa sauti ile ile kwamba ulimsingizia. Binza usiende. Huna cha kumpelekea.