Doa Kwenye Goti la Mama

Kwako Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini kwako. Natumai u mzima wa afya, na kwamba yule mwenzako wa chumba amepunguza kukoroma. Sisi tunaendelea, ila mimi nimechoka.

Uliuliza habari za goti la Mama, lile la chuma alilowekewa mwaka juzi. Bado linamuuma, na ukiligusa ni la moto. Daktari anaeleza kwa lugha ya shule, Mama anajibu kwa yetu, na mkalimani ndiye mimi. Unanijua, nikiitwa jina tu darasani natoka jasho.

Eksirei ilitoka nzuri. Daktari akasema chuma kimekaa sawasawa, na maumivu mengine huwa ya mawazo. Mama akaniagiza nimwambie wabadilishane: daktari achukue goti, yeye atayachukua hayo mawazo. Hilo sikulitafsiri.

Ikafuata picha ya mashine ya sumaku. Paja lilionekana vizuri, muundi vizuri, lakini goti lenyewe likawa wingu jeusi, kwa sababu chuma huharibu picha pale pale kilipo. Nikauliza, kwa sauti ya mbu, kama walilijua hilo mapema. Mpiga picha akasema hutokea. Dada, tulisubiri miezi kwa ajili ya wingu.

Mjomba naye akatia chumvi kwenye kidonda. Alisema Mama anadeka, picha mbili hazijaona kitu na bado anachechemea. Mama akamjibu kwamba picha hazipandi ngazi.

Wiki iliyopita wakampiga picha ya tatu. Walimtoa damu, wakatenga chembe nyeupe, wale askari wa mwili, wakazitia dawa ya mionzi kidogo, wakamrudishia mshipani. Kisha kamera hutazama zimekimbilia wapi. Kama kuna wadudu waliojificha kwenye chuma, askari hukusanyika hapo na kuzidi kuongezeka. Ndiyo maana alipigwa siku ile, na kesho yake tena.

Sasa ninayokuandikia hapa siyo niliyotumwa. Mama ameniagiza nikwambie picha imetoka safi. Haikutoka safi. Siku ya pili doa lilikuwa limekolea, limekizunguka chuma. Nilipoliona nilifurahi, Mungu anisamehe, maana hakuna tena wa kumwita mwongo. Ndipo daktari akasema chuma lazima kitolewe, mfupa usafishwe, akae wiki kadhaa bila kukanyagia mguu huo, kisha awekewe kingine. Safari hii nilitafsiri kila neno. Mama akasema atafikiria.

Njiani akaniambia hakatwi tena, na kwamba wewe ukijua utaacha kazi uje kumwuguza. Nikamkumbusha alivyosema daktari, kwamba wadudu wakiachwa wataingia kwenye damu. Akaniambia tangu lini yai likamfundisha kuku.

Basi nimeshindwa. Tulihangaika mwaka mzima tuaminiwe, na sasa tumeaminiwa yeye ndiye hataki. Wewe huwa anakusikiliza. Mpigie simu leo. Nilikuwa nimeandika usimtaje aliyekwambia, nimeukata huo mstari. Mwambie ni mimi.

Msalimie mwenzako wa chumba. Mama anakusalimu sana. Hilo nimetumwa kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya