Nyota Yako Inahesabiwa Zizini

Bugomora, Kyerwa,
14 Julai 2025.

Mpendwa kaka Muhwezi,

Shikamoo kaka. U mzima huko Afrika Kusini? Baridi ya huko haijakumaliza? Sisi wazima. Mguu wa mama umepona, Jumapili alikwenda kanisani bila fimbo. Mvua zimekatika na nyasi zinaanza kukauka, lakini maziwa bado yapo.

Sasa nisikilize, maana nina furaha mpaka mwandiko unanikimbia! Baba ameulizia habari zako. Ndiyo, baba huyu huyu, ambaye tangu ulipoliacha zizi ukaenda kutazama nyota, huu mwaka wa nne, hajataka kuzungumza nawe.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyopita nilikuwa namsomea mama ujumbe wako huku akisukasuka maziwa: kwamba mnachunguza nyota moja ya jirani, ndogo na hafifu, na mara mbili mmeiona ikipungua mwanga kidogo, zikipishana siku kumi na tatu, kana kwamba kuna sayari inayopita mbele yake. Na kwamba, kama ipo kweli, huenda maji yakakaa juu yake bila kuganda wala kukauka. Baba alikuwa mlangoni anachonga fimbo, anajifanya hasikii. Aliichonga mpaka ikabaki kijiti!

Mwisho uzalendo ukamshinda, akauliza, "Sasa wanangoja nini?" Nikamwambia mnangoja ipite mara ya tatu, Ijumaa hii tarehe 18. Akasema, "Wana akili. Ng'ombe akipita mahali mara moja, amepotea. Mara mbili, labda anatafuta chumvi. Akipita mara ya tatu, hiyo ni njia yake."

Basi kila asubuhi akimaliza kukamua anafunga fundo moja kwenye kamba ya kufungia miguu ya ng'ombe, kuhesabu siku tangu mara ile ya pili. Alianza kwa kufunga ya siku zilizokwisha kupita, na sasa yamefika tisa, na ole wake atakayeigusa! Jirani yetu Protase yeye anauliza kama kule kuna majani, na nani atagawa malisho. Nimemweleza kwamba hata sayari yenyewe bado haijathibitika, lakini haelewi somo.

Kaka, najua bado una donge. Maneno aliyokuambia baba siku unaondoka niliyasikia, na yaliniuma hata mimi. Lakini damu nzito kuliko maji. Jumamosi saa kumi jioni baba atapanda kilimani kunakoshika mtandao, na simu yangu mkononi. Anataka kusikia kutoka kwako, si kwangu. Nakuomba umpigie.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Kantengwa pia. Mjomba Ainebyona anauliza utaoa lini. Mungu akutunze wewe na hayo macho yako.

Barua hii nimemsomea baba kabla sijaipiga picha nikutumie. Sikuruka neno, hata pale pa siku ile ya kuondoka kwako. Nilipomaliza akasema niongeze moja: "Mwambie, hata kama haikupita, apige."

Mdogo wako akupendaye,
Komujuni