Viraka Vitano Kwenye Tyubu Isiyo na Tundu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi tuseme habari za kazi, naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana nimefanya jambo la kitoto na mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na nne, nina wajukuu wawili, kazi yangu ni kushona nguo na watu wananiheshimu, laiti wangejua.

Mume wangu aliendesha malori miaka ishirini na sita, mpaka leo mtaani wanamwita Dereva, na alipostaafu akakaa, yaani akakaa hasa, kutoka kitini kwenda kitandani, mpaka sukari ikampanda na daktari akamwambia, "Mzee, hiyo miguu isipofanya kazi, dawa zangu peke yake hazitakufikisha mbali." Basi siku moja niko kwenye cherehani naona anaingia uani anakokota baiskeli mbili, za kijani zote mbili, ukubwa mmoja, alikwenda dukani peke yake akazijaribu zote yeye mwenyewe, akaniambia, "Hii yangu, hii yako, kila Jumapili asubuhi tutatoka wawili." Mshauri, katika ndoa ya miaka thelathini na moja nilishazoea mume wa kurudi safari na kuondoka safari, sikuwahi kuambiwa neno kama lile, nikainama kujifanya natafuta pini sakafuni ili asinione machozi.

Tatizo ni kwamba ile baiskeli ni ndefu kwangu, nikikaa kwenye kiti miguu haifiki chini hata kwa ncha za vidole, lile bomba la juu la fremu kulivuka ni shughuli, na usukani uko mbali, mgongo unaanza kuuma kabla hatujafika kwenye lami, lakini ningesemaje, mtu kakuletea zawadi kwa moyo mweupe halafu uanze kukosoa, nikasema huu ni uzee wangu tu, nitazoea. Nikaamua kuitunza kama ninavyoitunza cherehani, Jumamosi moja nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani nikapaka kila kinachozunguka, mnyororo, pedeli, hata rimu zote mbili nikazisugua kwa kitambaa chenye mafuta mpaka zikang'aa, nikajisifu. Kesho yake kwenye mteremko wa shule nikashika breki, hazikushika, nikabana kwa mikono miwili, wapi, miguu nayo haifiki chini, nikaenda moja kwa moja kwenye ua wa miiba nikaumia goti. Mume wangu alikuwa mbele hakuona, nikamwambia nilisimama kufunga kamba za kiatu.

Tangu siku hiyo naiogopa ile baiskeli, na hapa ndipo penye aibu yangu. Kila Jumamosi jioni yeye akiwa anaoga, nachukua pini ya kushonea, nabonyeza kile kichuma kidogo kwenye mdomo wa tyubu ya nyuma, natoa upepo wote, na asubuhi anakuta tairi limelala. Mwanzoni alikasirika, akaenda kumfokea fundi baiskeli wa pale kona kwamba anatuuzia tyubu mbovu, na wateja wangu waliponiuliza mbona hamwonekani tena na baiskeli zenu, mimi nikadakia, "Tyubu za yule fundi, jamani, msinunue kabisa," na kweli wapo walioacha kwenda kwake.

Kisha siku moja alirudi kutoka kwa fundi amenyamaza, hakusema walichozungumza, na tangu hapo hafoki tena. Jumapili anakaa uani na beseni la maji, anazamisha tyubu, anaigeuza polepole, anaitazama muda mrefu, anabandika kiraka, anaijaza upepo, anasema, "Basi, Jumapili ijayo," anaingia ndani kulala. Namwambia nenda wewe, anasema peke yake hataki. Juzi aliiacha tyubu imening'inia msumarini nikaisogelea, ina viraka vitano, mshauri, na mimi sijaitoboa hata mara moja.

Sasa sukari yake imepanda tena, na jana kaniambia kwa upole kabisa kwamba mwisho wa mwezi atampa shemeji yangu baiskeli zote mbili, maana anaona hazina kazi hapa. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo, nisipomwambia namwangalia anaharibikiwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwenye Pini.

*

Mwenye Pini,

Marahaba. Nimekuzidi miaka kumi na minne, na sokoni bado naenda kwa baiskeli, kwa hiyo barua yako imefika kwa mwenyewe. Pole sana ya goti. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe ni fundi wa nguo. Akija mtu akakwambia, "Nipe tu gauni la jirani yangu, litanitosha," utakubali? Utamwambia simama hapo, nyoosha mikono, na utampima mabega, kiuno na urefu, na akibisha utamtania mpaka asimame. Halafu wewe huyo huyo unapanda kitu kilichokatwa kwa vipimo vya mwanamume mrefu, mgongo unalia, na unasingizia uzee. Uzee gani, dada? Waliosema mganga hajigangi walikuwa wanakusema wewe, na dawa yenyewe ni ile futi unayoshinda nayo shingoni. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na baiskeli ya kipimo cha mwenzio haikufikishi popote.

Leo hii vua viatu, simama ukutani, mwambie mtu akupime mguu kwa ndani, kutoka msamba mpaka sakafuni, uandike. Ukisimama umeivuka baiskeli, nyayo zote mbili ziwe chini na lile bomba lisikuguse. Kwako wewe nashauri fremu ile ambayo bomba lake limeshushwa chini, unapita hata na gauni. Kiti nacho kina kipimo chake: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo halitakuuma. Ila wewe umeshatishika, kwa hiyo wiki za mwanzo kishushe zaidi mpaka vidole viguse chini, utakipandisha moyo ukitulia. Usukani uwe juu kama kiti au zaidi, ukae wima uone watu na watu wakuone. Tairi ziwe nene kiasi. Muuzaji akianza kukuhesabia gia, mwambie unakwenda kunyoosha miguu na mumeo, hushindani na mtu.

Na hayo mafuta, loo. Breki za baiskeli yako zinakamata rimu, ndiyo kazi ya rimu, na wewe ukaipaka mafuta. Baiskeli haikukuangusha, ulijiangusha mwenyewe kwa usafi wako. Osha rimu kwa maji ya sabuni, zikaushe kwa kitambaa kisafi, na ile mipira ya breki iliyokwisha kunywa mafuta ibadilishwe. Mafuta ni ya mnyororo, tone moja moja, unazungusha pedeli, kisha unapangusa yanayobaki, kwa sababu mnyororo uliolowa unakusanya mchanga na mchanga unaula. Kabla ya kutoka bonyeza tairi kwa kidole gumba, halafu shika breki ungali umesimama uani. Ukiyazoea haya hutapoteza hata dakika tano.

Hayo yalikuwa mepesi. Sasa tuje kwa Dereva.

Hivi unaamini kweli kwamba mtu aliyelala chini ya malori miaka ishirini na sita hajui tyubu iliyotobolewa na tyubu iliyotolewa upepo? Tyubu yenye tundu ukiizamisha kwenye beseni inatoa mapovu. Hii haikutoa. Fundi naye alimwambia, ndiyo maana alirudi amenyamaza. Mumeo anajua, dada. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye beseni zamani. Kama ni hivyo, kiraka anabandika cha nini? Anafunika kombe. Anaona heri azibe tundu lisilokuwepo kuliko kukuuliza swali ambalo jibu lake analiogopa.

Na swali lenyewe si la baiskeli. Hajui kwamba ulianguka, ulimficha. Hajui kwamba mgongo unauma, hilo nalo ulimficha. Anachokijua ni kwamba alikuomba mtoke wawili, na kila Jumamosi mtu wa nyumbani kwake anahakikisha hamtoki. Mtu aliyekosa Jumapili zako kwa miaka yote ile barabarani, akirudi akakuta unazikataa, ataelewa nini? Anaamini unamkwepa yeye. Viraka vitano ni Jumapili tano amekaa na wazo hilo uani, na wewe uko dirishani unaogopa kumvunja moyo. Umeshamvunja, na nasema hivi kwa sababu bado unaweza kuuunga.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujakaa kwenye cherehani, nenda kwa fundi wa pale kona. Usimzungushe, mwambie, "Tyubu zako ni nzima, upepo nilikuwa natoa mimi," na umwombe radhi. Atacheka au atanuna, ana haki ya vyote. Kisha kila mteja uliyemwambia asinunue kwake, umwambie wewe mwenyewe kwamba ulimsingizia, hapo hapo kwenye meza yako ya kukatia ulipolisema. Utaona aibu, ndiyo. Yule fundi amepoteza wateja kwa ajili ya aibu hiyo hiyo uliyokuwa unaikimbia.

Baiskeli usiende kuibadilisha kwa siri. Ni zawadi, na aliyekupa yupo. Jumapili hii msipande, tokeni kwa miguu, kila mtu anakokota yake, mpaka kwa fundi, ukiwa na kile kikaratasi cha vipimo. Mwache Dereva azungumze na fundi mambo ya fremu na rimu, apate raha yake. Hata kutembea huko daktari wake hatamkatalia. Fundi akipata njia ya kuibadilisha, vizuri, na kama hana, atashusha kiti na kusogeza usukani kwanza mkiwa mnatafuta.

Lakini Jumapili hiyo inaanzia Jumamosi jioni, na hotuba usiandae. Saa ile ile anapoingia kuoga, nenda uani ulipozoea kwenda. Pini iache kwenye kimto chako cha kuchomekea sindano, chukua pampu. Kama goti bado linauma, kalia kigoda. Jaza taratibu, usiogope kelele, na akitoka na taulo lake begani akukute pale pale kwenye tairi la nyuma, unajaza. Atasimama. Mwambie, "Niliogopa baiskeli, sikukukwepa wewe," na umwonyeshe goti.

Halafu nyamaza, dada. Akinyoosha mkono kuomba pampu, mpe.