Mashine ya Hewa Sebuleni

Kaka yangu mpenzi,

Goti langu limepoa. Mwanangu amenunua mashine ya kusafisha hewa, na tangu hapo anavutia sigara sebuleni.

"Mama, moshi wote unamezwa humu."

"Basi imeze na kikohozi cha mwanao," nikamjibu. Akacheka.

Mjukuu wetu ana pumu. Jana mashine iliwasha taa nyekundu. Baba yake akaibandika plasta, eti inamuumiza macho. Mtoto alikuwa akihema hadi mabega yanapanda.

Ugenini huku nakaa kwake, nikizidisha maneno nitaambiwa nyumba si yangu. Wewe ni mjomba wake, anakuogopa. Njoo wiki hii, wala usiseme nimekuita.

Nakuandikia dirishani, mtoto mapajani.

Dada yako