Mume Wangu Alihesabu Vichwa vya Kompyuta

Mpendwa Mama Medius,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, kwa sababu nimepanga kumdanganya mume wangu kwa ajili ya kumpenda, na sijui kama kitu cha namna hiyo kipo au ni shetani tu ananipa maneno mazuri.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, naishi hapa Uganda katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Base Camp, na mume wangu Bonaventure na binti yetu Bella, tunalima mahindi na tuna chumba kimoja cha mbele ambamo mchana ninahariri video za kwaya, za harusi na za mazishi, unajua sisi ndugu zetu wametawanyika, mmoja yuko Kanada mwingine Australia, mtu akizikwa hapa lazima video ipelekwe ili na wao wapate kulia, na jioni chumba hicho hicho Bonaventure anakigeuza kuwa nyumba ya mpira wa kompyuta, vijana wanakuja kucheza na yeye anasimama nyuma yao kutangaza mechi kama mtu wa redio. Mama, tangu tutoke Uvira mume wangu alikuwa mtu wa kimya, alikula kimya, alilima kimya, na kicheko chake nilikisikia tena kwa mara ya kwanza katika huo mpira, kwa hiyo watu wakisema ni mchezo tu mimi ninawaacha waseme.

Kompyuta yetu ya zamani ilikufa mwaka jana nikiwa natengeneza video ya mazishi ya mama mkwe wangu, Mama Pulchérie, ilikuwa ikifika katikati inaganda, naanza upya inaganda tena, mwishowe ikazima kabisa, namshukuru Mungu picha zilibaki kwenye diski, na shemeji yangu Grégoire aliye Kanada kila Jumapili anapiga simu kuuliza video imefikia wapi, na Bonaventure akiona ni yeye ananipa mimi simu halafu anatoka nje. Basi tukavuna, tukauza, tukakubaliana tununue nyingine.

Sasa huko Mbarara, pale Kakoba, kuna mama anaitwa Mackline, mke wa askari wa kambi ya jeshi, anauza kompyuta zilizotumika, na alikuwa na mbili za bei moja, nyeusi zote mbili, ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha. Moja ina prosesa ya Core i7-4790 na nyingine ina Xeon E5-2650 v2, zote ni za zamani, miaka kumi na zaidi. Mimi kazi hii nilijifunza kwa kutazama video za mtandaoni, na huko nilisikia kwamba kwa michezo hiyo i7 ndiyo nzuri, ndani ina vichwa vinne tu vya kufanya kazi lakini kila kimoja kina mbio, nikamwambia Bonaventure achukue hiyo, hata jina lake nikamwandikia mkononi kwa kalamu asisahau. Mimi sikuweza kwenda kwa sababu Bella alikuwa na malaria.

Jioni akashuka kwenye taksi ameipakata kompyuta mapajani, anacheka kabla hajafika mlangoni. "Mama Bella, kuja uone! Ile ulisema iko na bichwa bine tu. Hii njo iko na bichwa munane!" Nikamuuliza nani alimwambia kwamba vichwa vingi ndiyo bora. Akanishangaa. "Si ni vile? Hata ku karti ya chakula, bantu munane banapata mingi kupita bantu bane." Mama Medius, ndivyo mume wangu alivyonunua prosesa, alihesabu vichwa kama tunavyohesabiwa siku ya mgao wa chakula.

Tulipoiwasha akasema tuanze na kazi yangu, nikasema kazi ipo tu, nikaweka mpira kwanza ili nimfurahishe, vijana walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na mpira ukatambaa, mchezaji anapiga shuti leo goli linaingia kesho, vijana wakaanza kupiga miluzi, aibu ikanipanda nikasema kwa sauti kubwa, "Bonaventure, hii haiko karti ya chakula!" Chumba kizima kikacheka. Na yeye alicheka. Kisha akachomoa waya, akaukunja taratibu, akawaambia vijana warudi siku nyingine, na tangu siku hiyo hajafungua chumba jioni wala hajatangaza mechi hata moja, ananijibu vizuri, anachota maji, anambeba Bella, lakini amerudi kwenye kimya chake cha zamani na mimi ndiye niliyemrudisha huko.

Nilimpigia Mackline nikilia. Akaniambia, "Nyabo, mama yangu, wacha kulia. Leta hiyo ya vichwa nane, mimi napatia wewe ile ingine. Lakini mzee yako alisema hii ni ya kazi ya bibi, ya mavideo, sasa wewe unakataa ya nini? Haya, mimi nangoja mpaka mwezi unaisha, baada ya hapo nauzia mtu mwingine." Basi mpango wangu ni huu, mwisho wa mwezi Bonaventure anakwenda Kikagate kutafuta maharage ya kuuza, akiwa huko mimi nitaibeba hii hadi Kakoba nirudi na ile i7, sura ni ile ile hatajua, nitamwambia niliirekebisha kidogo, mpira utakimbia, ataamini vichwa vyake vinane vimefanya kazi, na atacheka tena. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea? Jina langu unaweza kuliandika, yeye gazeti lenu hasomi, anasoma matokeo ya mpira tu.

Apolline, Nakivale

MAMA MEDIUS ANAJIBU

Apolline mwanangu, hayo matokeo ya mpira yanachapwa kwenye gazeti hili hili, ukurasa wa nyuma. Siri yako umeificha karatasi moja tu kutoka machoni pa mwenyewe! Nilitaka kukubadilishia jina, halafu nikaona ni kazi bure, mwanaume aliyenunua kompyuta kwa kuhesabu vichwa atajitambua hata nikikuita Malkia wa Sheba. Nilikupigia simu kukuonya kabla ya kuchapa, ukaniambia "andika tu, Mama". Haya, nimeandika. Sasa swali si kama Bonaventure atajua. Swali ni atajua kwa nani, kwako au kwangu, na mimi ningependa iwe kwako.

Barua yako ilinigusa. Mwanamke anayekumbuka siku aliposikia tena kicheko cha mume wake, huyo anapenda, na sitaki mtu yeyote akuambie vinginevyo. Lakini nitakugombeza kidogo, kaa vizuri.

Mimi kwa kompyuta najua kuiwasha na kuizima, kwa hiyo barua yako niliipeleka kwa Emmy, fundi wetu wa mitambo hapa ofisini. Alisoma mpaka mwisho, akacheka kwenye karti ya chakula, kisha akaacha kucheka. Akaniambia, "Mama, huyu nyabo kwa game iko sahihi. Lakini prosesa haina makosa. Hizo mashine za Xeon nazijua, ziko na kadi ya picha, kile kifaa cha kuchora picha kwa skrini, kidogo sana, ya kuonyesha barua tu. Hata ungeweka prosesa imetoka kiwandani jana, mpira ungetambaa."

Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu wa umri wangu. Akasema mpira wa kompyuta hauwezi kugawiwa sana, unategemea vichwa vichache vyenye mbio huku vingine vimekaa vinatazama, na hapo i7-4790 inaishinda Xeon, hilo hukukosea. Lakini kutoa video iliyokwisha kuhaririwa ni kama kuvuna shamba, kila mmoja anapewa mstari wake, na wengi wakiingia kazi inaisha mapema. Vile vichwa vinane, ingawa kila kimoja kina mwendo wa polepole kidogo, kwenye programu nyingi za kuhariri vitamaliza video ndefu mbele ya vile vinne. Kwa hiyo hesabu ya mume wako ilikuwa na sababu mbovu na jibu zuri. Ukiibadilisha, utapata mpira ulio afadhali kidogo tu, maana hata hiyo nyingine bila kadi ya picha ya maana haifiki mbali, na utapoteza mashine inayofaa kwa mkono wako.

Hayo ni ya Emmy. Sasa yangu.

Wewe umeandika habari ya mazishi ya mama mkwe wako kwa sentensi moja, ukapita, ukaenda kwenye mavuno. Mimi sikuweza kupita. Nilirudia pale mara kadhaa. Kuna mtu ambaye mama yake amezikwa, na kaka yake aliye mbali bado hajaona kaburi, kila Jumapili simu inalia, na kila Jumapili anatoka nje kwa sababu hana la kumwambia. Mtu huyo anaingia dukani Kakoba na jina la kompyuta ya michezo yake mwenyewe limeandikwa mkononi mwake, kwa mwandiko wa mke wake. Anaacha ile ya michezo. Anamwambia muuzaji kwamba anataka ya kazi ya bibi, ya mavideo. Anafika nyumbani, anasema tuanze na kazi yako. Apolline, hayo yote umeniandikia wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na hukuyasikia kwa sababu aibu ilikuwa inapiga kelele.

Mimi siko moyoni mwa Bonaventure, na huenda nimekosea. Lakini nakwambia ninavyoona: aliweka mpira wake kando akanunua mashine ya kumalizia video ya mama yake, na akafurahi, halafu mbele ya vijana wa mtaa mzima akachekwa kwa hesabu ya karti ya chakula. Unadhani aliipata wapi hesabu hiyo? Watu wetu wa makambini wamehesabiwa vichwa kwa miaka mingi. Na mama akifa, kichwa chake kinatolewa kwenye karti, na mtoto wake ndiye anayesimama pale kushuhudia. Neno lako lilikuwa utani, najua. Liliangukia mahali pabaya.

Huo mpango wa Kikagate uufute. Si kwa sababu ni dhambi kubwa sana, ila kwa sababu ungemrudishia mpira na kumnyang'anya zawadi aliyokupa, na angeendelea kuitazama ile kompyuta nyeusi akidhani ni ile aliyoibeba mapajani kutoka Mbarara. Ungeweza kuketi mbele yake kila siku kwa uso gani?

Mpigie Mackline leo, mwambie aiuze hiyo i7 kwa anayeitaka. Mwulize kama ana kadi ya picha iliyotumika, ya wastani, ile ambayo haihitaji waya wake wa umeme wa pembeni, na uhakikishe inaingia kwenye boksi lako kabla ya kuilipia. Emmy anasema kadi ya namna hiyo inatosha, mpira utakimbia kwenye Xeon hiyo hiyo bila vijana kupiga miluzi. Anasema tena, ukitaka kuongeza memori, usichanganye memori ya kompyuta za kawaida na ya mashine hizo, zinakataa, kwa hiyo ipeleke kwa fundi anayezijua. Hiyo kadi si lazima iwe wiki hii. Ikibidi isubiri mavuno mengine, isubiri.

Video isisubiri. Kwaya watavumilia, harusi watavumilia. Ianze kesho, na Bonaventure awe amekaa kwenye kiti kando yako, si nje. Ikiisha, simu ya Grégoire apokee yeye. Usimpokelee tena.

Na kuhusu ile jioni, vijana uliowachekesha waite tena, uwaambie wewe mwenyewe kwamba mashine ni nzuri na kosa lilikuwa la kadi ya picha. Sema kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile, usinong'one.

Lakini kabla ya vijana, kabla ya video, kabla hajaondoka kwenda Kikagate, mkalishe. Usimwambie umemsamehe, maana hakukukosea. Usimweleze habari za prosesa. Mwambie, "Baba Bella, ulininunulia mimi, na mimi sikuona." Kisha nyamaza, mwanangu, najua ni vigumu kwako, barua yako imenionyesha, lakini nyamaza mpaka yeye aseme.