Uzi wa Kidarini

Kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wawili. Yule mdogo ameshaota jino, au bado anapiga mluzi akiongea? Sisi huku hatujambo, ingawa ni ile hatujambo ya watu wenye mgonjwa. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Usikasirike, Kaka, lakini kwenye simu huwa hunipi nafasi. Nikisema moja unaniuliza matatu, na mimi nikiulizwa haraka hujibu lililo jepesi. Leo kaa kitako unisikilize mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Nianze na Baba, maana ndiye unayemtaka. Bado yuko kitanda kile cha dirishani, na sasa ni wiki ya tano tangu tumrudishe hospitali. Utakumbuka furaha tuliyokuwa nayo alipobadilishiwa valvu ya moyo, akatoka wodini kwa miguu yake, amekumbatia mto kifuani ili akikohoa mfupa usiumie. Wiki mbili hazijaisha tukamrudisha ana homa, mshono unavuja. Daktari wa upasuaji alimwekea kiganja juu ya kidari akamwambia akohoe, na mfupa ukacheza chini ya mkono wake. Siku hiyo hiyo wakampeleka tena chumba cha upasuaji, wakamfungua, wakaosha usaha, wakaondoa nyaya zilizokuwa zimeshika mfupa na kukwangua nyama iliyokufa. Kisha hawakumshona. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kulala na kifua wazi na bado akauliza gazeti la leo liko wapi.

Kidonda wanakijaza sponji, wanafunika kwa karatasi ya plastiki inayonata, halafu mpira mwembamba unatoka hapo kwenda kwenye kimashine kinachofyonza uchafu mchana na usiku. Baba amekiita Mpangaji, kwa kuwa kinanguruma chumbani mwake bila kuombwa. Kila siku ya tatu sponji hubadilishwa. Dawa anapewa kwa dripu, ile waliyoichagua baada ya kupima usaha maabara, na itaendelea wiki sita. Na kwa sababu ya kisukari chake, anachomwa kidole mara nne kwa siku. Anasema miaka arobaini ya ushonaji sindano hazikumchoma hivyo.

Anayemfunga kidonda ni yule nesi mnene ambaye wodi nzima humwita Mama Sabuni. Ukiingia hujasalimu, atakuonyesha sinki kwanza. Daktari mkuu mwenyewe nilimwona akirudishwa mlangoni kwa kidole tu, na akarudi. Mama Sabuni huwa anakata sponji kwa jicho, Kaka, bila chaki wala futi, na inakaa kwenye kidonda kama bega la koti lililopimwa vizuri. Mimi fundi nilimvulia kofia. Akifanya kazi hujiimbia taratibu kwa pua, na Baba alishaizoea sauti ile hata akawa hasubiri tena dawa ya maumivu kwa wasiwasi.

Sasa haimbi. Barua uliyomwandikia mkurugenzi ilifika, Kaka. Nimeisoma nakala yake, na nakujua ukikamata kalamu. Umeandika kwamba baba yetu ameambukizwa na mikono michafu ya nesi aliyemfunga kidonda kabla hajaruhusiwa, na umedai aondolewe. Huyo nesi ni Mama Sabuni. Ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu Alhamisi ijayo, na wenzake wanasema huenda akatolewa wodini kabisa. Tangu hapo kila akimhudumia Baba, nesi mwingine husimama kando na daftari, akiandika ameshika nini na lini. Miaka ishirini na miwili ya kazi, na leo anaandikwa kama mtoto wa shule. Mikono yake haitetemeki, ila ile sauti imekatika.

Sasa nakwambia nililokuitia.

Siku ya tano baada ya Baba kurudi nyumbani, nilikuwa namfunga vifungo vya shati kibarazani. Yeye kwenye kiti chake, macho kafumba. Juu ya mshono, chini kidogo ya koo, ncha ya uzi ilikuwa imechomoza, haizidi punje ya mchele, inakwaruza fulana yake. Wewe unajua tulivyolelewa, ingawa ulikimbia cherehani mapema baada ya kushona mfuko ukaufunga mdomo. Uzi unaoning'inia ni aibu ya fundi, nguo haitoki dukani kwetu nao. Sikufikiri. Mkono uliingia mfukoni wenyewe ukatoka na mkasi wangu mdogo wa nyuzi, uliokuwa umeshinda asubuhi nzima kwenye suruali za watu na kuanguka chini mara mbili. Nikauvuta uzi kidogo nikate mzizini, kama tufanyavyo kwenye upindo. Ukaja zaidi ya nilivyotaka. Nikakata. Tone la damu likatoka, nikalifuta kwa kidole.

Kwa kidole, Kaka, mimi niliyenawa mara mia mbele ya Mama Sabuni.

Baada ya siku tatu pale mahali pakawa pekundu, pakaanza kulowa. Na siku ya kutoka wodini Mama Sabuni alikuwa amenishika bega akaniambia kwamba nikiona unyevu wowote, wekundu wowote, nimlete siku hiyo hiyo, nisimuulize mtu. Lakini nilijua nikimpeleka nitaulizwa ni nani aliyegusa. Basi nikachemsha pamba nyeupe, nikaianika, nikaipiga pasi, nikakata vipande vizuri nikawa nafunika. Baba nikamwambia ni jasho. Siku nne nilibadilisha vile vitambaa, na kila siku nikijiambia kesho patakauka. Siku ya tano homa ikapanda.

Daktari aliponiuliza imeanzaje, nilisema tumekuta tu pamelowa. Akasema kwa mtu mwenye kisukari na umri wa Baba jambo hili huweza kutokea hata kila kitu kikifanywa sawasawa, na hakuna awezaye kuapa limeingilia wapi. Neno hilo nililishika nikalificha. Halafu ukapiga simu, ukaniuliza kosa la nani, nami nikakujibu labda hao wa wodini. Labda, basi. Barua yako yote umeijenga juu ya labda yangu.

Ningenyamaza mpaka leo, sitakuficha. Mimi ni mwoga, na nilikuogopa wewe kuliko kamati. Lakini Jumanne Baba aliniona nimeinama kando ya kitanda chake, akaanza kunisimulia, macho yake darini, siku aliyoshona kola ya shati la mteja kinyume akiwa mwanagenzi, akataka kuficha kwa kifungo. Akasema fundi hakosi kukosea, ila kosa la mshono halifunikwi kwa kifungo, hufumuliwa. Kisha akaniuliza kwa upole mkasi wangu mdogo uko wapi siku hizi. Nikajua siku ile kibarazani hakuwa amelala. Nililia mpaka Mpangaji nikawa simsikii, na Baba akanipigapiga mkono kama mimi ndiye mgonjwa.

Jana nilimfuata Mama Sabuni kwenye masinki ya nje ya wodi nikamwambia yote. Alikuwa ananawa. Hakugeuka, aliendelea kunawa muda mrefu kuliko kawaida yake, akafunga bomba kwa kiwiko. Nilitegemea anitukane, au anisamehe, nimalizane na jambo. Akaniambia uzi ule amenisamehe papo hapo, maana mkono wa mtu hufanya ulichozoea. Lakini zile siku nne zitamchukua muda. Siku ya kwanza lilikuwa bado ni jambo la ngozi, alisema, angeliosha mwenyewe kwa dakika kumi na mzee asingerudi kupasuliwa. Akakausha mikono, akasema saa ya kumbadilisha sponji imefika, niende nikamshike mkono, kwa sababu mzee huvumilia vizuri nikiwepo.

Basi, Kaka, nakuomba uandike barua ya pili, kwa mkono wako, ifike kabla ya Alhamisi. Usiandike kwamba ulipotoshwa na mtu. Andika kwamba ni dada yako. Mimi mwenyewe nitakwenda mbele ya kamati nikaseme haya niliyokuandikia, uwe umeandika au hujaandika. Ukitaka kunifokea, nifokee baada ya hapo, nitasikiliza na sitakata simu.

Habari njema nimekuwekea mwisho. Kidonda sasa ni chekundu na safi, na kipimo cha juzi hakikuonyesha vijidudu. Kikija kingine safi, wiki ijayo daktari atavuta misuli ya kifua kutoka pande zote mbili, afunike mfupa, ashone. Baba ameshamuuliza atatumia mshono gani, na daktari wa watu akakaa chini akamwonyesha kwa kalamu. Anakusalimu sana, na anasema ukija ulete miwani yake ya kusomea.

Msalimie wifi, wabusu wanangu, waambie shangazi yao anawapenda. Mkasi nimeuacha dukani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi